Mtazameni Aliyeacha Kufyatua

Kocha alikuwa na vidole viwili tu katika mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada, na ndiyo sababu katika miaka sita niliyomjua sikumwona akicheza mchezo hata mmoja hadi mwisho. Alisimama nyuma ya viti vyetu akitupigia kelele za kutuambia ni lini tutauawa. Mara nyingi alisema kweli. "Tokeni hapo, wanawamaliza!" angesema, na kufumba na kufumbua pale tulipokuwa tumejazana palikuwa na moshi, na ndani ya moshi maiti za wabishi. Waliomsikia walikuwa hai. Wabishi walipigwa konzi.

Vidole vile vitatu vilikatwa kwa sime. Hilo lilijulikana, na aliyevikata alijulikana pia, mtu wa Ewuaso Kedong aliyekuwa bado hai anachunga mbuzi wake. Ndugu watatu wa Kocha walikuwa wakingoja neno moja tu kutoka kwake ili waende wakamkate yule mtu vipande. Neno hilo hakulisema, mwaka baada ya mwaka. Sote tuliomzunguka tulijiuliza jambo moja, atakwenda lini? Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyedhani nimelijua jibu.

Mimi ni Mkamba. Nilikuja Kitengela kushona suruali katika kiwanda cha nguo, mshono uleule wa pembeni kutwa nzima, na siku zangu za kupumzika nilipanda ngazi hadi chumba cha michezo cha Kocha, juu ya duka la dawa za mifugo. Chumba kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kilikuwa na kompyuta kumi, tano ukuta huu, tano ule, ili timu mbili zikae zikipeana migongo na zisichunguliane. Watu walicheka walipomwona mwanamke wa makamo yangu akivaa vipokea sauti na kuanza kuua watu. Kocha hakucheka. Aliniangalia nikicheza siku mbili, akasema, "Wewe utakuwa mganga. Unaogopa watu wakufe." Tangu siku hiyo nikawa mganga wa timu, kazi yangu kuwaponya wenzangu risasi zikinyesha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni watano kwa watano. Kila mmoja ana bunduki na vijimbinu vyake, na kila mmoja ana nguvu moja kubwa ambayo wachezaji huiita ulti. Ulti haiji bure. Inajaa polepole kila unapomjeruhi adui au kumponya mwenzako, na ikishajaa unaweza kukaa nayo mpaka utakapotaka. Ukiiachilia kwa wakati wake, inaua watu watano kwa pigo moja. Yako unaiona kwenye kioo chako. Ya adui huioni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kukisia nani kule ng'ambo ameshajaza, na ataiachilia saa ngapi.

Timu nyingine zilikisia kwa hesabu. Timu ya Ngong, mahasimu wetu wakubwa, ilikuwa na bwana mmoja aliyekaa na daftari akipiga mahesabu ya sekunde kama karani wa mahakama. Kocha alimdharau vibaya sana. "Kwetu Maasai ng'ombe hawahesabiwi," alituambia. Baba yake alisimama kwenye mlango wa boma jioni, ng'ombe wakaingia, na bila kutaja namba yoyote alijua kwamba yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hajarudi. Kuhesabu kulikuwa mkosi, na pia kulikuwa uvivu. Anayehesabu ng'ombe hawajui ng'ombe wake. Kocha alituzuia kusema namba yoyote ndani ya chumba kile, na aliyeteleza akasema "zimebaki sekunde kumi" alisimamishwa ukutani mchezo mzima.

Badala ya namba alitufundisha kuangalia mwendo. "Mtu hana kitu anajitupa tu," alisema. "Akishakuwa nayo, ghafla anaanza kupenda maisha yake. Mtazameni yule ameacha kufyatua." Na ilikuwa kweli tupu. Adui aliyekuwa akitukimbilia kifua wazi angeanza kutembea taratibu. Ungemchokoza na risasi mbili tatu za dharau, asijibu. Angetafuta ukuta wa kuegemeza mgongo. Angemngoja mwenzake amkaribie. Kelele zake zote zingekwisha, na hapo ndipo Kocha angetuinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Anayo huyo." Tuliposikia hivyo tulitawanyika, kila mtu na njia yake.

Nakumbuka mchezo mmoja dhidi ya hao hao Ngong. Walikuwa wametuua mara mbili mfululizo, na walikuwa na mhusika mmoja wa moto, mwanamke mrefu anayemwaga ndimi za moto kutoka juu na kuwageuza watu majivu. Kocha alimtazama kidogo. "Ameacha kufyatua," akasema. Kisha akamshika bega mchezaji wetu wa mbele, mchomeleaji wa mageti ambaye tulimwita Fundi. "Fundi, enda ukufe."

"Niende peke yangu?"

"Enda ukufe vizuri. Piga kelele."

Fundi akaenda, akaingia uani mwao akifyatua ovyo kama mlevi, na yule mwanamke wa moto akadhani sote tuko nyuma yake. Akamwaga moto wote juu ya mtu mmoja. Fundi aliungua mpaka hakubaki hata buti. Sisi wanne tukaingia kwa mlango wa nyuma, tukawakuta hawana kitu mikononi, tukawachinja. Nasema kuchinja kwa sababu ndilo neno alilokuwa akilisema Kocha nyuma yetu, akigonga meza kwa ule mkono wake mbovu: "Chinja! Chinja wote! Usiache mtu!" Nilimpiga risasi ya uso yule wa mwisho akiwa amepiga magoti. Nilifurahi, sitadanganya.

Kocha huyo huyo Jumapili alikuwa akiimba besi katika kwaya, amefumba macho, machozi yakimlengalenga kwenye nyimbo za msalaba. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akasema, "Hizo za kompyuta hazina mama." Maana yake ni kwamba hakuna anayewalilia. Jibu hilo sikulipenda wakati ule na silipendi hadi leo, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Nisije nikamfanya malaika. Kocha alikuwa na mkono mwepesi. Fundi alimchekea siku tuliyopoteza mchezo wa kizembe, akazabwa kofi hadi vipokea sauti vikaruka. Siku nyingine alirusha kibodi dirishani, ikamwangukia punda wa muuza maji, punda akakimbia na mkokoteni na mitungi ikapasuka barabara nzima hadi kituo cha mafuta. Mwenye punda alipanda ngazi akiwa na jiwe mkononi. Kocha alimtazama mara moja, akavuta kiti, akamwambia, "Kaa unywe chai, wewe hutarusha hiyo." Yule bwana akakaa, akalia, akanywa chai. Jiwe lile tulilitumia kuzuia mlango miezi mingi.

Watu wa pale chini walimwogopa kwa uwezo huo. Siku moja wapakiaji wawili wa mchanga walikuwa wakigombana mbele ya duka, mmoja akitukana mpaka mate yanamtoka, akivua shati na kujipiga kifua. Mwingine amesimama kimya, anafungua saa yake ya mkononi na kuitia mfukoni. Watu walikuwa wakimshika yule wa kelele. Kocha akapaza sauti kutoka dirishani, "Mwacheni huyo! Shikeni mwenye saa!" Hakuna aliyemsikia. Yule mwenye saa aliokota koleo na kumpiga mwenzake nalo usoni kwa ubapa, taya likaenda upande mmoja, meno yakabaki kwenye mchanga wa kuuzwa. Akampiga tena akiwa chini. Nilishuka kusaidia, nikamfunga mtu yule kichwa kwa leso yangu, na mikono yangu ilinuka damu hadi kesho yake kiwandani.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyesoma watu kumi kwa mpigo hakuweza kumsoma mke wake. Mama wa watu alimnyamazia miezi mitatu mizima. Aliacha kugombana naye juu ya kurusha vitu, akaacha kumuuliza anarudi saa ngapi, akawa anampakulia chakula na kuondoka. Kocha alituambia kwa fahari kwamba nyumbani sasa kuna amani. Sisi tukaangaliana. Wiki hiyo hiyo lori lilikuja mchana kweupe, likabeba vitanda na kabati, mama akaenda kwao Entarara kulima nyanya na hakurudi. Tulimcheka mgongoni, na leo najionea haya kwa kicheko kile. Kumbe mapenzi yanaziba macho. Tulidhani ni yeye tu.

Habari ya sime alinisimulia mara moja, tukiwa wawili tunafagia chumba. Ulikuwa ukame mkali, ng'ombe wanakufa wamesimama, na watu wa pande mbili walikuwa wakingojea zamu kwenye birika moja la maji huko Ewuaso Kedong. Mifugo ya upande wa pili ilikuwa imengoja siku mbili. Kocha aliwaingiza ng'ombe wake mbele. Wakaja watu, ikawa vurugu, fimbo zikapigwa juu ya migongo ya ng'ombe, na katikati ya vurugu hiyo mtu mmoja alitoa sime na kuishusha. Kocha aliinua mkono kukinga shingo. Vidole vikaanguka ndani ya birika, na ng'ombe wakaendelea kunywa.

Hapo ndipo hadithi ilipoishia kila alipoisimulia kwa watu. Kwangu aliongeza kipande. Alikuwa ameshika ufagio, hakunitazama.

"Kuna kitu ndugu zangu hawajui. Mimi ndio nilianza. Nilimpiga baba ya huyo mtu na fimbo, kwa kichwa, mbele ya ng'ombe zake. Mzee alikuwa ameshika tu kamba. Akaanguka kwa matope."

"Alikufa?"

"Hakukufa siku hiyo. Lakini hakutembea tena." Akafagia kidogo. "Usiambie mtu."

Sikumwambia mtu. Wala sikuelewa. Nilidhani anajikumbusha ukatili wa siku ile ili hasira isipoe, kama mtu anayechochea makaa. Hivyo ndivyo alivyonifundisha kufikiri. Mtu amekatwa vidole, ana ndugu watatu wenye mikuki, na miaka tisa hajalipiza hata kwa tusi. Ameacha kufyatua. Kwa sheria yake mwenyewe, mtu huyo anayo. Fundi alisema hivyo hivyo, na wengine pia. Tulikuwa tumekubaliana kimya kimya kwamba Kocha amejaza siku nyingi na anachagua wakati.

Mwaka huu tulialikwa kwenye mashindano Kajiado mjini, katika ukumbi mmoja wa kukodi, timu sita, mchana. Wiki ile Kocha alibadilika. Fundi alikosea vibaya mazoezini, Kocha akamwambia "pole, jaribu tena." Hakumpiga mtu konzi. Hakurusha kitu. Alikaa na mgongo ukutani akitutazama kwa upole ambao ulinitia baridi, na alinirudishia redio yangu ndogo aliyoazima zamani, imepanguswa vizuri na kutiwa betri mpya. Alilipa michango yake yote ya kwaya. Nililala vibaya siku zile. Kila kitu alichotufundisha kutazama kwa adui, nilikiona kwake.

Tulifika Kajiado asubuhi. Wenzetu wakaenda ukumbini kuangalia mashine. Kocha akasema anapita kwanza kwenye mnada wa mifugo, atatukuta. Nikamwambia nitaenda naye.

"Wewe enda na wenzako, nakerai," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita akinipenda, mtoto wangu.

"Nataka kuona mbuzi."

"Mkamba anataka kuona mbuzi." Akacheka kidogo, akaniacha nimfuate.

Kulikuwa na joto, vumbi limesimama juu ya mifugo, madalali wakipiga makofi kwenye migongo ya ng'ombe. Kocha alikuwa amevaa koti lake jeusi la kwaya. Nani anavaa koti la sufu mnadani katika jua lile? Na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, umekunjwa kifuani, haukutoka hata tulipokutana na wazee wa ukoo wake waliomsalimu. Aliwasalimu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuna mtu mwenye adabu anayelifanya, halafu akawapita haraka. Aliacha njia pana akapita kati ya malori. Nilijua kabla sijamwona kwamba yule mtu wa Ewuaso Kedong yuko mbele yetu.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mvi zimeanza kidevuni, amesimama karibu na mbuzi wanne wekundu. Nilimjua kwa sababu Kocha alisimama. Mtu yule naye alituona. Alikuwa akibishana na mnunuzi, akakatiza maneno katikati. Akaachilia kamba ya mbuzi. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo wake ukagusa ubavu wa lori, na rungu lililokuwa kwapani likashuka taratibu mpaka kiganjani. Haya yote niliyaona. Macho yangu yaliyaona na kichwa changu hakikuyataka, kwa sababu nilikuwa nikimtazama Kocha.

Kocha alianza kumwendea. Hatua ndogo ndogo, za mtu anayependa maisha yake. Nikaona ule mkono ukianza kutoka kifuani.

Nilimrukia. Niliukamata mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikauning'inia kwa uzito wangu wote, nikapiga nduru iliyosikika mnada mzima: "Kocha, usimuue! Usimuue!"

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa na mshangao mtupu, nao ndio uso wa mwisho mzima wa Kocha niliopata kuuona. Rungu lilimpata hapo hapo, juu ya sikio, kwa mlio wa chungu kupasuka. Hakuwa na mkono wa kujikinga kwa kuwa nilikuwa nimeushika mimi. La pili lilimvunja taya. La tatu lilimpata jichoni akiwa anaanguka, na alianguka juu yangu, mdomo wake wazi shingoni mwangu, damu yake ikiniingia kifuani, moto. Yule mtu alikuwa akilia huku akipiga. Sitasahau hilo. Alikuwa akilia kwa woga, anapiga, anasema kwa Kimaasai neno moja tena na tena, na watu wakamvuta nyuma kwa nguo.

Mama mmoja muuza maziwa ndiye wa kwanza kuuona ule mkono. Akapiga ukemi, "Ako na nyasi! Uui, ako na nyasi!"

Nikatazama. Vidole viwili vya Kocha vilikuwa vimefunguka, na katika kiganja kulikuwa na fungu la nyasi mbichi, za kijani, zimefungwa kwa uzi. Mahali pale pakavu sijui alizitoa wapi. Mimi ni mgeni, lakini miaka yote hiyo Kitengela ilinitosha kujua maana yake. Mmaasai akimwendea adui na nyasi mkononi, ameleta amani, na mwenye nyasi hapigwi. Alikuwa amezificha ndani ya koti ili watu wa ukoo wake wasimwone na kumzuia kabla hajafika. Alikuwa amekwenda kuomba msamaha kwa ajili ya yule mzee aliyeangukia matopeni.

Yule mtu alizitazama nyasi. Rungu likamtoka. Akaketi chini palepale, katikati ya mavi ya mbuzi, akaweka mikono kichwani, na hakuinuka mpaka polisi walipokuja kumchukua.

Ndugu watatu wa Kocha walifika hospitalini kabla ya saa tisa. Kocha alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, kichwa na taya vimefungwa, jicho moja limefunikwa, lile jingine wazi. Madaktari walisema anasikia, ila hawezi kusema. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli na fulana ya mashindano imekauka damu. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye kofia ya kijani, hakunisalimu.

"Polisi wamefungia huyo," alisema. "Lakini boma yake haiko kwa polisi. Bibi ako huko, vijana wake wawili wako huko. Leo jua halitatua kama hawajalia. Wewe ulikuwa na yeye. Sema vile uliona."

Mdogo wao alikuwa amesimama mlangoni, rungu chini ya shuka. Hakuwa na papara. Hakuwa na kelele. Nilimtazama vizuri safari hii.

"Mzee, Kocha alikuwa ameshika nyasi," nikasema.

"Hiyo tumesikia. Ndiyo tunasema. Mtu ako na nyasi unampiga kama nyoka?"

"Hakuziona. Zilikuwa ndani ya koti. Aliona tu mkono kwa koti, na akasikia mimi nikipiga nduru."

"Nduru gani?"

"Nilisema, Kocha usimuue. Nilimshika mkono. Nilidhani ameshika sime." Nikavuta stuli karibu naye. "Mzee, mimi nimekuwa na Kocha miaka sita. Amenilisha. Ananiita mtoto wake. Na mimi niliona muuaji. Sasa huyo wa Ewuaso Kedong angeona nini?"

Muuguzi alipita na toroli, akatuangalia, akapita haraka. Niliona kwamba haitoshi. Mdogo wao alikuwa bado mlangoni, na mlango ulikuwa nyuma yake tu.

Kwa hiyo nikasema na lile jingine. Niliwaambia habari ya mzee aliyeshika kamba, fimbo ya kichwa, matope, miguu iliyokufa. Niliwaambia nani alianza. Nilisema nikiwa nimewatazama wao, sikuthubutu kutazama kitandani. Miaka tisa walikuwa wamebeba heshima ya vidole vile, na mimi, mwanamke, mgeni, niliwapokonya kwa maneno machache katika wodi iliyojaa watu.

Mkubwa wao alivua kofia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainama, akamuuliza nduguye kitu kwa Kimaasai, kwa upole kabisa. Sikujua maneno, lakini nilijua swali. Kocha alifumba lile jicho moja, akalifumbua. Ndiyo.

Mzee akainuka. Kisha akamwambia yule wa mlangoni neno fupi, na yule akatoa rungu chini ya shuka na kuliegemeza ukutani. Hawakwenda Ewuaso Kedong. Jua likatua na hakuna mtoto wa mtu aliyelia.

"Sasa wewe enda kwenu," mzee akaniambia. "Si kwa ubaya. Enda tu."

Niliinuka. Nilitaka kumwambia Kocha kitu, nikamwendea upande wa dirisha mahali jicho lake lingeniona. Lilinitazama. Nililichunguza jicho lile kama alivyonifundisha, nikitafuta hasira, nikitafuta msamaha, nikitafuta hata dharau. Akageuza uso taratibu, kwa maumivu makubwa, mpaka akawa ametazama ukuta, na nilisimama pale nikiwa nimeshika chuma cha kitanda mpaka muuguzi alipokuja kunitoa.